Lesi ya Marehemu

Wote waliangalia gauni. Bi Tepu aliangalia nyuzi.

Zilikuwa juu ya meza ya kukatia nguo, vipande vifupi vya uzi wa rangi ya chai ya maziwa, vimelazwa kimoja kimoja juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri. Havikuwa vimetupwa. Vilikuwa vimelazwa, ncha zote zikielekea upande mmoja. Bi Tepu alianza kushona nguo za watu meno yake yote yakiwa bado mdomoni, na hajapata kuona fundi anayelaza nyuzi alizofumua. Nyuzi zilizofumuliwa huanguka chini zikangoja ufagio. Aliliweka jambo hilo moyoni, kwa sababu chumba kilikuwa kimejaa kelele hata pa kupenyeza neno hapakuwapo.

"Tazameni wenyewe! Tazameni, halafu mseme mimi nina mdomo!"

Aliyekuwa akipiga kelele ni binti wa Fundi Saa. Kazi yake ilikuwa kufundisha watu kuendesha magari, na kwa kuwapigia wanafunzi kelele za breki mwaka baada ya mwaka, alikuwa amesahau namna nyingine ya kuzungumza. Mtaa mzima ulimwita Kengele.

Gauni lenyewe lilikuwa limevishwa sanamu ya mbao katikati ya karakana. Lilikuwa gauni la harusi la mtu mzima, rangi ya krimu, lisilo na makuu isipokuwa lesi kwenye mikono. Kwenye mkono wa kulia lesi ilikuwa imetolewa yote na kuwekwa mezani. Kwenye mkono wa kushoto ilikuwa imefumuliwa nusu, inaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyechoka kukimbia. Na harusi ilikuwa keshokutwa.

Bibi harusi alikuwa amesimama dirishani, mikono ndani ya mifuko ya sweta. Alikuwa muuguzi mstaafu, na watu hawakuacha kumwita Sista hata baada ya kuvua sare. Bwana harusi alikuwa Fundi Saa, mzee mpole aliyefiwa na mkewe zamani. Na Bi Tepu, aliyekuwa mlangoni na tepu yake ya kupimia shingoni, tepu ambayo hakuivua hata msibani, alikuwa wifi yake Sista, mke wa marehemu kaka yake. Wote wawili walipobaki wajane walihamia nyumba moja, nyuma tu ya karakana hii, wakaishi kama chanda na pete.

Wala hawakuishi tu. Walichunguza. Meno ya bandia ya mwenye duka yalipopotea, ni wao walioyapata, mdomoni mwa ndugu yake. Aliyekuwa akihamisha vyungu vya maua vya majirani, ni wao waliomnasa. Bi Tepu alimzungushia mshukiwa tepu kifuani kama mtu anayemchukua vipimo, akasikiliza pumzi, maana mtu akidanganya kifua husimama. Sista naye alimshika kifundo cha mkono kama mtu anayempa pole, akasikiliza mapigo. Watu waliwacheka, lakini hakuna aliyependa kupimwa.

"Ufunguo wa akiba uko wapi?" Kengele aliuliza.

Mwenye karakana alikuwa ameketi mbele ya cherehani, ameshika tama. Bi Tepu ndiye aliyemfundisha kazi akiwa msichana, na hadi leo, ingawa fundi huyo sasa ana wajukuu, bado alimwita Mwanafunzi.

"Uko jikoni kwa Bi Tepu," alijibu kwa sauti ndogo. "Umetundikwa msumarini. Tangu zamani."

"Haya! Mlango mzima, dirisha lina nondo, ufunguo uko kwake. Na nani hajui kwamba tangu baba alete posa huyu mama hajacheka?"

"Nilicheka juzi," alisema Bi Tepu.

"Ulicheka nini?"

"Ulipojikwaa pale kizingitini."

Mwanafunzi aliziba mdomo kwa kiganja. Kengele hakucheka.

"Sikiliza, mama yangu. Nakwenda kumleta baba. Nikirudi, unionyeshe mtu mwingine. La sivyo, harusini hukanyagi, na Sista akishahamia kwetu, mlango wetu usiujue. Hata wa nyuma."

Kengele hakuwa amekosea kuhusu wivu. Wivu alikuwa nao, tele. Fundi Saa alipoanza kuja kunywa chai na kukalia kiti cha Bi Tepu, yeye alihesabu kila kijiko cha sukari alichotia. Sista alipoanza kucheka kicheko kipya, cha puani kama msichana, Bi Tepu aliwasha redio. Na gauni lilipotakiwa, Sista hakumpa yeye alishone. Alimpa Mwanafunzi. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Utaenda kumleta," alisema, akivua tepu shingoni. "Kwanza simama wima nikupime."

"Unipime ya nini?"

"Uliyenishtaki ni wewe. Ukikataa nitajua kwa nini."

Kengele alisonya lakini akainua mikono. Bi Tepu alimzungushia tepu kifuani, akaishika kwa vidole viwili.

"Jana ulikuja hapa."

"Nilikuja."

"Kufanya nini?"

"Kumwambia fundi aitoe lesi ile! Ni ya mama yangu. Ilikuwa kwenye gauni lake la harusi. Baba kaitoa sandukuni kwa mikono yake, akamletea Sista, eti zawadi. Zawadi gani hiyo? Unamvisha mke mpya mikono ya mke wa kwanza?"

Kifua kilipanda, kikashuka. Tepu ilikwenda nacho bila kukwama.

"Ungepata nafasi ya kuibandua, je?"

"Ningeibandua saa hiyo hiyo, nikaondoka nayo. Sioni haya kusema."

"Ukaondoka nayo."

"Si ya mama yangu? Niiache hapa ya nini?"

Bi Tepu alitupia jicho lesi iliyokuwa mezani, imenyooshwa, haikupungua hata tundu. Kisha akaiangalia blauzi ya Kengele. Kishikizo cha pili kilikuwa kimepotea na mahali pake pameshikwa na pini. Mtu anayeshindwa kushona kishikizo, na mwenye hasira kama ile, angeingia na mkasi wa kukatia kuku.

"Nenda kamlete baba yako," alisema.

"Umepata nini?"

"Kifua kimeongezeka tangu mwaka jana. Punguza hasira."

Kengele alitoka, na gari lake la mafunzo likaondoka kwa kishindo ambacho angemfokea mwanafunzi yeyote.

Sista alikuwa bado dirishani.

"Achana nalo, wifi," alisema bila kugeuka. "Gauni ni nguo tu. Nitavaa lile la bluu."

Bi Tepu alimtazama mgongoni. Huyu ndiye mwanamke aliyekataa kulala usiku kucha kwa ajili ya meno ya bandia ya mtu baki.

"Kuachana nalo?"

"Tumezeeka kwa mambo haya."

"Zeeka wewe. Njoo umshike Mwanafunzi mkono, mimi nipime."

"Leo siwezi. Mikono yangu baridi."

Bi Tepu alimwita Mwanafunzi peke yake, akamzungushia tepu.

"Mama, hata mimi?" Mwanafunzi aliuliza kama anataka kulia. "Kazi yangu mwenyewe niiharibu?"

"Kuna watu huharibu zao. Lesi uliishona kwa mkono?"

"Kwa mkono. Imezeeka, mashine ingeitafuna. Mshono mmoja mmoja, kila mmoja na fundo lake, ili ukikatika mmoja mwingine ubaki."

"Na ukifumua, unafumuaje?"

"Kwa wembe, kama ulivyonifundisha. Unaanza pembeni, unainua kidogo, unapitisha wembe mpaka mwisho. Dakika tu."

Kifua kilikwenda vizuri. Bi Tepu alimwachilia, akavaa miwani yake ya kusomea juu ya miwani ya kuonea mbali, akainama kwenye mkono wa kushoto wa gauni, pua ikikaribia kuugusa.

Alipitisha ukucha kwenye mishono, mmoja baada ya mwingine.

"Mwanafunzi. Njoo uone."

Mwanafunzi aliinama naye, vichwa vikagongana.

"Hapa mshono umetolewa," Bi Tepu alisema. "Huu unaofuata mzima. Huu umetolewa. Huu mzima. Umetolewa. Mzima."

"Hee! Mpaka mwisho?"

"Mpaka lesi inapoanza kuning'inia. Hapo ndipo aliporudi mara ya pili kuondoa iliyobaki. Kisha akaacha njiani."

"Mwendawazimu gani huyo, anafumua mmoja anaruka mmoja? Si safari mara mbili?"

"Siyo njia yako."

"Siyo, mama. Wala yako. Hakuna fundi anayefumua hivyo."

Hakuna fundi. Bi Tepu alijinyoosha, mkono kiunoni, na wakati huo huo kovu la goti likamwasha chini ya sketi. Lilikuwa kovu la upasuaji wa mwaka ule alipoteleza uani. Hospitali walimshona, lakini nyuzi zilitolewa nyumbani, yeye akiwa kwenye kiti cha jikoni, mguu juu ya kigoda. Aliikumbuka sauti, tulivu kama ya mtu anayechambua mchele: mmoja, ruka mmoja, wifi. Kwanza tuone kama ngozi itashikilia. Ikishikilia, ndipo tutoe iliyobaki. Na kila uzi uliotoka ulilazwa juu ya kitambaa cheupe, mmoja kando ya mwingine, ili mwishoni zihesabiwe na kusiwe na uliosahaulika ndani ya nyama.

Alirudi kuzitazama nyuzi za mezani. Zilikuwa zimelala vile vile.

"Mwanafunzi," alisema, "nenda dukani ukanunue uzi."

"Uzi upo, mama. Kabati zima."

"Nunua rangi ambayo huna."

Mwanafunzi alimwangalia Bi Tepu, akamwangalia Sista, akachukua kanga yake, akatoka na kuufunga mlango taratibu nyuma yake.

Sasa walibaki wawili. Bi Tepu alijua kabisa kilichokuwa mkononi mwake. Fundi Saa alikuwa njiani. Angeingia, angeambiwa kwamba mchumba wake ndiye aliyeifumua lesi ya marehemu, na Kengele angepiga yowe la kufikisha habari mwisho wa mtaa. Kabla ya jua kuzama pasingekuwa na harusi. Sista angerudi kwenye chumba chake, kikombe chake, kiti chake. Bi Tepu hakuhitaji hata kudanganya. Ukweli mtupu ungemfanyia kazi yote.

"Njoo nikupime, wifi," alisema.

"Vipimo vyangu unavijua usingizini."

"Vimebadilika."

Sista aligeuka. Alikuwa mrefu, na Bi Tepu alilazimika kusimama kwa ncha za vidole ili apitishe tepu mgongoni kwake. Aliikutanisha kifuani, akaishika.

"Asubuhi hii ulikuja hapa?"

Tepu ilisimama. Haikupanda, haikushuka.

"Pumua," alisema Bi Tepu. "Utakufa bure."

Sista alipumua, na pumzi hiyo ilitoka na nusu ya kicheko na nusu ya kilio.

"Uliona nini?"

"Nyuzi. Umezilaza kama wagonjwa wodini."

"Ah." Sista aliitazama mikono yake. "Nilikuja kuichana, wifi. Nilikuja na mkasi kabisa. Nilipofika hapa nikajikuta natoa mmoja, naruka mmoja, kama naogopa gauni litatoka damu. Mikono hii haijui kufanya ovyo."

"Lakini kwa nini?"

"Juzi nililijaribu. Akaja kuniona. Nikasimama pale, nimejipaka hata poda. Macho yake hayakufika usoni, wifi. Yaliishia mikononi. Akasema, 'Ilimkaa vizuri sana.' Basi. Akajifuta macho, akaenda zake." Aliendelea kwa sauti ya chini. "Ninamwonea wivu marehemu. Na mvi zangu zote hizi. Mwanamke akiwa hai unaweza kumshinda kwa chai, kwa maneno, kwa kumvumilia tu. Yule utamshindaje? Hazeeki. Mimi kila siku naongeza kunyanzi, yeye yuko pale pale na mikono yake ya lesi."

"Ungemwambia."

"Nimwambie nini? Kwamba zawadi yake inanikaba?"

"Na mbona uliishia njiani?"

"Nilikusikia ukikohoa chumbani kwako. Nikajua umeamka."

"Ukarudisha ufunguo. Ukasimama dirishani, ukamwacha Kengele anitwange kama mahindi."

Sista aliinamisha kichwa. "Nilijua utapata. Wewe hupata siku zote. Pengine nilitaka mtu anikamate."

Nje lilisikika gari likisimama, breki zikilia. Bi Tepu hakuiachia tepu.

"Haraka. Unataka kuolewa naye?"

"Wifi…"

"Jibu."

"Nataka."

Kifua kilipanda, kikashuka, kikapanda tena, kipana, bila kukwama popote. Bi Tepu alikisikiliza mpaka akatosheka, ingawa alikuwa ametosheka mara ya kwanza. Akaitoa tepu, akaizungusha kwenye kiganja taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Basi utasema mwenyewe," alisema. "Mimi sitasema."

Mlango ulifunguka. Kengele aliingia kwanza, nyuma yake baba yake, kofia mkononi, akipepesa macho kama mtu aliyeamshwa.

"Haya, mama!" Kengele alisema. "Nani?"

"Ni mimi," alisema Sista.

Kengele alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu Bi Tepu amjue, hakikutoka kitu.

Sista alikwenda mezani, akaichukua lesi, akaja kusimama mbele ya Fundi Saa. "Sikuweza kuivaa. Nilipaswa kukuambia, nikaogopa, nikafanya mambo ya kitoto. Ulipokuwa ukiniangalia, sikuwepo. Alikuwepo yeye. Mimi nataka uniangalie mimi, hata kama sina la kuangalia."

Mzee aligeuza kofia yake mkononi, mara upande huu, mara upande ule.

"Nilitafuta nyumba nzima," alisema hatimaye. "Nilitaka kukupa kitu kizuri. Sikuwa na kingine kizuri zaidi ya hicho."

"Najua."

"Sikufikiri."

"Najua hilo pia."

"La kuangalia lipo," alisema Fundi Saa kwa aibu, na safari hii macho yake yalifika. Bi Tepu aliyaona yakifika, akageuka kupanga mikasi ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Sista alimkabidhi Kengele lesi. "Hiyo ya kushoto ikishatolewa nitakuletea. Ni yako. Haikuwa yangu hata siku moja."

Kengele aliipokea kwa mikono miwili. Aliinusa. Alipofika mlangoni akasimama mbele ya Bi Tepu.

"Mama," alisema kwa sauti ya kawaida ya binadamu, "nilimshikia breki mtu asiyehusika."

"Lete blauzi hiyo kesho," alijibu Bi Tepu. "Nikuwekee kishikizo. Pini itakuchoma."

Walipoondoka, baba na binti, Bi Tepu alilivua gauni kwenye sanamu, akalitandaza mezani. Alikata mishono ya mkono wa kushoto iliyobaki, wembe ukaenda mara moja, chwaa, mpaka mwisho. Kisha akalipekua gauni lote kwa ndani, akiguna. Mwanafunzi alikuwa ameshona vizuri. Lilimuudhi hilo. Alitafuta kosa, akalipata moja dogo kwenye pindo, akafarijika.

"Nitaweka mikono ya kitambaa chenyewe," alisema. "Nitakunja ncha, basi. Haihitaji mapambo."

"Utashona wewe?" Sista aliuliza.

"Unataka nani? Mbona mara ya kwanza hukunipa?"

Sista aliketi upande wa pili wa meza, akaanza kuzikusanya zile nyuzi mkononi. "Niliogopa. Kila mara ambayo ningekuja kupimwa ungeshika tepu, na ungejua kila kilichomo kifuani mwangu."

Bi Tepu alitunga uzi kwenye sindano. Ulikataa. Akauramba, ukakataa tena, akajaribu mara ya tatu ukapita. Alishona kidogo, kichwa chini.

"Ulikuwa umenishika leo," Sista alisema. "Ungenyoosha kidole tu, yangeisha yote. Kila mtu anajua ungefurahi. Mbona hukunyoosha?"

Sindano ilisimama ndani ya kitambaa. Bi Tepu alikuwa amechunguza siri za mtaa mzima na kuzitoa moja moja kwenye vifua vya watu. Yake alikuwa hajamruhusu mtu aipime.

"Nitalimaliza kesho," alisema. "Nitakuvisha mwenyewe. Nitasimama kando yako, nicheke kwenye picha zote mpaka mashavu yaume. Chai ya mzee wako nitaitia sukari kwa mkono wangu, vijiko anavyotaka." Aliinua macho, miwani miwili ikiwa imeingia ukungu. "Lakini sitaki uende, wifi. Sitaki kabisa uende."